Ziwa Kivu: moteri ya umeme kwenye mitumbwi ya sambaza, nani atafaidika?

Kila jioni isiyo na mwezi mkali, kuanzia Minova hadi Katana, kwenye fuko za Idjwi na hata mbele ya nyumba za Bukavu, mitumbwi inaondoka mitatu mitatu, imefungwa pamoja kwa miti mirefu ya mikaratusi, wavu ukiwa katikati. Wavuvi wanapiga makasia kwa pamoja na wanaimba ili mikono iende sawa. Wakifika mbali na ufuko wanawasha taa, wanangoja sambaza wapande kufuata mwanga, kisha wanavuta wavu. Alfajiri wanarudi kwa makasia yale yale, mikono imechoka, na mama wachuuzi wanawangoja ufukweni na mabeseni.

Hapo ndipo wazo la moteri ndogo ya umeme linaingia. Ni moteri ambayo Ulaya na Marekani watu wanaovua kwa starehe wanaifunga kwenye mashua ili isogee polepole bila kelele. Ina mti mrefu, elisi chini inayosukuma maji, mkono wa kuongozea juu, na inatumia bateri ya voliti 12 kama ile ya gari. Maneno ya wauzaji yanajulikana: hakuna esansi, hakuna moshi, jua ni la bure. Katika eneo ambalo bei ya esansi inategemea mpaka, barabara na vizuizi vya kodi, maneno kama hayo yanaingia masikioni haraka.

Lakini yana tundu. Mitumbwi mitatu ya sambaza inayokwenda kwa makasia haichomi esansi hata litre moja. Anayechoma esansi kwenye Ziwa Kivu ni mtu mwingine: mwenye boti ya kubeba watu na mizigo kati ya Goma, Minova, Idjwi na Bukavu, au mnunuzi anayezunguka vijiji kukusanya samaki. Huyo anatumia moteri ya nguvu za farasi 15, 25 au 40, na ile moteri ndogo ya umeme haiwezi kushika nafasi yake. Kwa maneno mengine, anayechoma esansi, moteri hii haimtoshi. Na anayetoshwa na moteri hii, hana esansi ya kuokoa. Mvuvi anayeambiwa kwamba atalipa deni la moteri kwa feza za esansi anahesabiwa feza ambazo hajawahi kuzitoa.

Ukubwa wa tofauti hiyo unaonekana kwenye namba. Moteri ya aina ya kawaida, inayouzwa kama ya paundi 55, inasukuma kwa nguvu ya kilo 25 hivi. Ikifunguliwa yote inakula ampere 50 kwenye bateri ya voliti 12, yaani wati 600. Moteri ya farasi 15 inatoa wati zaidi ya 11,000, mara 18 zaidi. Ukiondoa nguvu inayopotea njiani, ile ya umeme inafanya kazi inayokaribia ile ya wapiga makasia wanne wenye nguvu, na haichoki mpaka bateri iishe. Kwenye mtumbwi mmoja mwepesi inafikia mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Kwenye mitumbwi mitatu yenye watu, taa na wavu uliolowa, inakwenda chini ya hapo.

Bateri nayo ina hesabu yake. Bateri ya risasi ya ampere-saa 100 haifai kumalizwa yote. Mwenye kutaka idumu anatumia nusu tu. Nusu hiyo, moteri ikifunguliwa yote, ni saa moja. Ila maji yana tabia moja inayomsaidia mvuvi mwenye subira: mwendo ukipunguzwa kidogo, nguvu inayohitajika inapungua sana. Ukienda kwa nusu ya mwendo, mahitaji yanashuka karibu mpaka sehemu moja ya nane. Moteri ile ile iliyokula bateri kwa saa moja inaweza kufanya kazi saa nne au tano ikiwekwa kwenye mwendo mdogo. Kwa hiyo inamfaa anayesogea polepole kutoka sehemu moja hadi nyingine usiku. Anayekimbizana na mvua inayoshuka kutoka milimani, inamwacha katikati.

Faida iko kwenye saa

Kama esansi haipo kwenye hesabu, faida itoke wapi? Jibu la kweli ni saa. Sambaza anaharibika haraka, na kwenye fuko nyingi barafu haipo. Timu inayofika ya kwanza alfajiri inakuta wanunuzi wengi na samaki wachache. Inayofika jua likishapanda inakuta bei imeshuka. Timu ambayo haikutumia nguvu zake zote kwenda inaweza kuhama mahali pasipo na samaki na kujaribu pengine kabla ya usiku kuisha. Wavu mmoja zaidi kwa usiku, au kufika sokoni nusu saa mapema, hiyo ndiyo feza itakayolipa bateri. Haionekani kwenye karatasi ya muuzaji, na inategemea kapita wa timu anajua ziwa kiasi gani.

Pia kuna mwezi. Wakati mwezi umejaa, taa haziwavuti sambaza vizuri na timu nyingi zinapumzika. Mwezi mmoja wa kalenda unaweza kubaki na usiku 20 hivi za kazi. Anayekopesha moteri na kudai malipo ya kila siku kwa siku 30 anamfanya mvuvi alipe siku 10 za ziada akiwa amekaa nyumbani. Kwenye Ziwa Tanganyika ni vikali zaidi, kwa sababu nchi nne zinazolizunguka zimekubaliana kufunga uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi mitatu bila samaki, na deni linaendelea kuhesabu.

Wavuvi wa Kivu hawaanzi sifuri kwenye mambo ya umeme. Taa za mafuta zilizokuwa zikining'inia kwenye mitumbwi zimeendelea kuachia nafasi taa za LED zenye bateri, na kuzunguka fuko kumekuwa na vijana wenye paneli za sola wanaochaji bateri na simu kwa malipo. Njia ya moteri imeshachimbwa na taa. Mvuvi analala mchana, bateri inachajiwa mchana; saa zinalingana vizuri. Paneli za wati 200, kwa jua la kawaida la Kivu, zinaweza kurudisha kwa siku moja kile ambacho moteri imekula kwa saa moja ya nguvu yote, na kubaki na kidogo. Wakati wa mvua, mawingu yakikaa siku tatu juu ya Kahuzi, hesabu hiyo inavunjika, na asiye na bateri ya pili anarudi kwenye kasia.

Hapa kuna mtego ambao watu wa taa wanaujua kushinda wauza moteri. Bateri ya taa na bateri ya moteri zisiwe moja. Usiku wa samaki wengi hakuna anayezima taa. Kila mtu anataka wavu mmoja zaidi. Kama bateri ni moja, mwanga unakula njia ya kurudi. Na makasia hayaachwi nyumbani. Ajali ya tarehe 3 Oktoba 2024 karibu na bandari ya Kituku, Goma, ambapo boti iliyotoka Minova ilizama mbele ya macho ya watu waliokuwa ufukweni, ilikuwa ya boti ya abiria iliyojaa kupita kiasi. Haikuwa ya wavuvi. Lakini ilikumbusha kila mtu kwamba ziwa hili, lenye kina cha zaidi ya mita 480, halihurumii hata aliye karibu kufika.

Kuifunga ni kazi ya seremala kwanza

Moteri hizi zimetengenezwa kwa mashua yenye ubao wa nyuma uliosimama wima. Mtumbwi wa kuchonga, na hata ule wa mbao wenye ncha pande zote mbili, hauna ubao huo. Seremala analazimika kuweka ubao mnene unaovuka mtumbwi na kuufunga kwa boliti kwenye kingo zote mbili, kisha moteri inabanwa pembeni. Misumari peke yake haitoshi. Mtikisiko unailegeza usiku mmoja hadi mwingine, na moteri inayodondoka mahali pa mita 300 haifuatwi. Mwenye akili anaifunga pia kwa kamba.

Kwenye mitumbwi mitatu kuna swali la ziada: mtumbwi upi? Ukiifunga kwenye wa pembeni, inazungusha timu yote na kapita anapambana na usukani usiku kucha. Wa katikati ni bora, lakini hapo ndipo wavu unapita. Na elisi haichagui kati ya maji na nyuzi. Wavu ukiingia kwenye elisi, unapoteza wavu na moteri pamoja, kwa hiyo moteri inainuliwa kutoka majini kabla wavu haujashushwa, na hairudishwi mpaka wavu uwe ndani. Lazima mtu mmoja apewe kazi hiyo. Inainuliwa pia kabla ya kufika ufukweni, kwa sababu kingo za Kivu ni mawe.

Sehemu inayoharibu moteri nyingi ni waya. Ampere 50 ni nyingi. Waya mwembamba wa nyumba utapata moto, utakula nguvu ya bateri, na mwisho utaungua. Unahitajika waya wa shaba mnene, milimita za mraba 16 kwa urefu wa mita chache, pamoja na fyuzi ya ampere 60 karibu kabisa na bateri. Masokoni kuna waya unaong'aa kama shaba nje na ndani ni alumini. Ukikwangua kwa kisu unaona weupe. Bateri yenyewe ikae ndani ya sanduku lisiloingiza maji lakini lenye tundu la kupumua, kwa kuwa bateri ya risasi inatoa gesi inayoweza kulipuka ikifungiwa. Iwekwe katikati ya mtumbwi. Kilo 25 au 30 nyuma kabisa, pamoja na mtu anayeongoza, zinainua mbele na mtumbwi unaanza kuyumba.

Bateri ya gari iliyotumika, ambayo ndiyo rahisi kupatikana Goma na Bukavu, ni akiba ya uongo. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili kuwasha injini. Ukiimaliza kila usiku, haimalizi miezi mingi. Bateri za lithiamu aina ya chuma-fosfati zina uzito chini ya nusu na zinavumilia kuchajiwa maelfu ya mara, ila bei yake ya kwanza iko juu. Kwa njia, nchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia haitapata hata gramu moja ya kobalti yake ndani ya bateri hizo: aina hiyo haitumii kobalti.

Feza, kodi na doria

Hata timu iliyofanya hesabu vizuri inagonga ukuta mwingine, nao ni mkopo. Tangu AFC/M23 walipoichukua Goma mwisho wa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari, benki za biashara zilifunga milango, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Mwenye kutaka kununua kitu cha bei kubwa amebaki na likelemba, vikundi vya AVEC, familia, na feza za kwenye simu. Vikundi hivyo vinafanya kazi kubwa vijijini Kalehe na Idjwi, lakini vimezoea mikopo midogo inayorudi ndani ya wiki au miezi michache. Moteri, bateri mbili, paneli na waya vinazidi uwezo wa vikundi vingi, isipokuwa timu kadhaa ziungane.

Pengo hilo halikai wazi muda mrefu. Atakayelijaza ni mwenye feza: mnunuzi mkubwa wa samaki, au mwenye kibanda cha kuchaji. Mahali pengi kwenye maziwa ya eneo hili mchuuzi anayemkopesha mvuvi vifaa au mafuta anapata haki ya kununua samaki wake, na mara nyingi anaweka bei. Bateri inaweza kuwa kamba ya namna hiyo hiyo, tena yenye nguvu zaidi, kwa sababu litre ya esansi unaweza kuinunua kwa yeyote barabarani, lakini bateri iliyoisha inarudi kila asubuhi kwa mtu yule yule.

Upande wa Kenya wa Ziwa Victoria wamepita njia ya kukodisha. Miradi ya taa za sola za kukodi kwa wavuvi ilitangulia, na baadaye makampuni yakaanza kukodisha moteri za umeme, kubwa kushinda hizi, pamoja na bateri zilizochajiwa. Mvuvi hanunui bateri. Anaichukua imejaa na kuirudisha imeisha, na bateri ikifa ni hasara ya mwenye kampuni. Mpango huo unaweza kufaa Kivu, kwa masharti mawili ambayo Kenya wanayo na hapa hayapo kila mahali: umeme wa uhakika ufukweni, na mahali pa kushtaki kama mkataba haukuheshimiwa. Goma ina umeme wa maji unaotoka Matebe huko Rutshuru na pia umeme wa sola. Bukavu inategemea mitambo ya Ruzizi, ambayo Ruzizi ya kwanza ni ya mwaka 1958, na wakaaji wake wanajua delestaji ni nini. Idjwi, kisiwa chenye watu zaidi ya 200,000, sehemu kubwa yake inaishi kwa paneli ndogo za juu ya nyumba.

Kuna pia swali la ushuru ambalo linapaswa kuulizwa kabla ya kununua: mtumbwi wa makasia ukifungwa moteri ndogo, utaandikwa kama mtumbwi au kama boti yenye moteri? Nguvu ya wapiga makasia wanne haistahili kulipiwa kama ya farasi 40. Katika eneo ambalo serikali ya Kinshasa na AFC/M23 kila mmoja anajiona mwenye haki ya kutoza, jibu la ofisi moja halimfungi mwingine. Mvuvi anaweza kujikuta analipa mara mbili kwa kifaa kilicholetwa kumpunguzia gharama.

Na ukimya wenyewe, ambao wauzaji wanausifu, una upande wa pili. Viongozi wamekataza mara kadhaa kusafiri usiku kwenye ziwa hili kwa sababu za usalama. Mitumbwi ya sambaza inatambulika kwa nyimbo zake na kwa taa zake. Chombo kinachosogea gizani bila sauti ya kasia wala ya injini, mbele ya wanajeshi wa doria wenye wasiwasi, kinaweza kueleweka vibaya kabla mtu hajapata nafasi ya kusema neno. Taa ya mbele iwashwe wakati wote wa kwenda na kurudi, hata kama inakula bateri.

Wale wanne

Moteri inayofanya kazi ya wapiga makasia wanne inaleta swali ambalo timu zitalijibu zenyewe, pengine kwa ugomvi. Mapato ya usiku yanagawanywa kati ya mwenye vyombo na wafanyakazi. Kukiwa na moteri, mwenye vyombo atataka fungu la moteri na la bateri litolewe kwanza. Baada ya miezi michache ataona kwamba watu wa kuvuta wavu wanatosha na wa kupiga makasia wamezidi. Katika vijiji vya Kalehe, ambako vijana wengi wamekimbia mashamba ya milimani kwa sababu ya vita, nafasi kwenye mtumbwi ni chakula cha nyumba nzima. Faida ya saa iliyotajwa hapo juu inaweza kwenda kwa mtu mmoja, na hasara kwa wanne.

Sambaza wenyewe hawataongezeka. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu Kivu ilikuwa na aina chache za samaki na katikati ya ziwa palikuwa karibu patupu. Wameilisha miji miwili mikubwa tangu wakati huo, lakini nyavu za macho madogo zinawachukua kabla hawajazaa. Moteri inayowezesha timu kufika sehemu zilizokuwa mbali na makasia inafungua sehemu hizo kwa nyavu zile zile.

Kwa mvuvi mmoja mmoja wa tilapia, anayetega nyavu karibu na ufuko na kurudi asubuhi kuzitazama, hesabu ni nyepesi zaidi. Mtumbwi wake ni mwepesi, njia ni fupi, hakuna timu ya kugawana naye, na bateri moja nzuri inamtosha siku mbili. Mzee ambaye mabega yamechoka anaweza kuendelea na kazi miaka kadhaa zaidi. Huyu hayumo kwenye picha za matangazo, na huenda ndiye ambaye moteri hii inamfaa kushinda wengine wote.

Kwa timu za sambaza, chama cha wavuvi kinaweza kuanza na moteri moja kwenye timu moja, kutoka mwezi mwandamo mmoja hadi mwingine, na daftari: saa ya kuondoka, saa ya kufika, nyavu ngapi zilivutwa, kilo ngapi, bei ya alfajiri, bateri ilibaki na kiasi gani, na nani alilipwa nini. Timu jirani ya makasia iandikwe kwenye ukurasa wa pili wa daftari hilo hilo, usiku kwa usiku.